Maji Yatakayofika: Ngoma, Wakati Ujao na Ushairi wa Kiswahili wa Kisasa katika Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Istilahi ya afrofuturizimu imekwisha kuingia katika semina zetu za fasihi, na mara nyingi huingia ikiwa imepanda chombo cha angani. Mwanafunzi anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kuandika kuhusu wakati ujao wa Mwafrika ni kuandika kuhusu roketi, roboti na sayari za mbali. Hivyo huanza kutafuta msamiati wa mitambo, na shairi lake hugeuka orodha ya vifaa. Makala haya yanadai kwamba mshairi wa Kiswahili anao mlango ulio karibu zaidi, nao ni ngoma. Dai letu ni kuwa muziki unampa mshairi kitu kilicho kikubwa kuliko msamiati, yaani namna ya kuupanga wakati.

Mfano wetu mkuu ni bonde na delta ya mto Rufiji, pamoja na Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika muongo wa 2010. Tumeichagua sehemu hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni huko ambako mwaka 1904 ulitolewa utabiri uliobadili historia ya kusini mwa Tanzania. Pili, ni huko huko ambako leo wakati ujao umefika ukiwa na umbo la mradi: bwawa kubwa la umeme limejengwa juu ya mto, na wakazi wa chini ya mto wanaishi na matokeo yake. Swali tunalouliza kwa kiasi kikubwa ni la kiisimu. Kiswahili kinautamkaje wakati ujao, na muziki unaufanyia nini utamkaji huo?

2.0 Istilahi na asili yake

Neno lenyewe lilibuniwa na mhakiki wa Kimarekani Mark Dery mwaka 1993, katika mazungumzo yake na Samuel Delany, Greg Tate na Tricia Rose. Lakini sanaa ililitangulia neno kwa miaka mingi, na iliyotangulia zaidi ilikuwa muziki. Sun Ra (1914–1993), mpigaji piano aliyezaliwa Birmingham, Alabama, alijipa jina la mungu wa jua wa Misri ya kale, akaongoza bendi aliyoiita Arkestra, na alisimulia kwamba alipokuwa kijana alichukuliwa hadi sayari ya Zohali, akapewa ujumbe na kurudishwa duniani. Mwaka 1975 kundi la Parliament lilitoa albamu iliyojengwa juu ya chombo cha angani kinachoendeshwa na watu weusi. Kwa wasanii hawa anga ilikuwa jibu la swali la kihistoria: mtu aliyenyang'anywa kumbukumbu za nyuma kwa utumwa ataujengaje mbele wake?

Mwafrika wa pwani hii hana swali hilo kwa umbo lilelile. Pengine ndiyo sababu Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, alipendekeza mwaka 2019 istilahi nyingine kwa ajili ya kazi zinazoanzia barani Afrika kwenyewe. Kwa Kiswahili tunaweza kusema umustakabali wa Kiafrika. Neno mustakabali, ambalo tulilipata kutoka Kiarabu, lina maana ya kile kinachoelekewa na kupokewa, na maana hiyo inafaa sana kwa mjadala huu.

Wala si kweli kwamba fasihi yetu haijawahi kwenda angani. Katama Mkangi wa Kenya alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995, ambamo mhusika aliyehukumiwa kifo anarushwa ndani ya chombo na kufikia nchi isiyofanana na yake. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, Mkenya pia, alitoa filamu fupi iitwayo Pumzi, kuhusu jamii ya baadaye inayohesabu kila tone la maji. Nathari na filamu, basi, zimetangulia. Ushairi umechelewa, na tunafikiri umechelewa kwa kuwa unaitafuta njia mahali pasipo pake.

3.0 Hoja ya Mbiti

Hatuwezi kuendelea bila kuikabili hoja ambayo wanafunzi wengi huikuta mapema. John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali haupo kabisa. Aliugawa wakati wa Mwafrika katika pande mbili, na akazipa pande hizo majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Ushahidi wake mkuu ulikuwa njeo za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambazo kwa maoni yake hazifiki mbele zaidi ya miezi michache au miaka miwili. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga mwaka 1987 kwa kutumia mifano ya Kiakan. Sisi tunaweza kumpinga kwa kutumia lugha ileile aliyoiazima majina yake.

Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo: siku nne za mbele, kila moja na jina lake. Hiyo ni hoja ndogo, na mtetezi wa Mbiti anaweza kusema kwamba siku nne si karne. Hoja kubwa ni kwamba njeo si kipimo cha umbali wa fikra. Kiambishi -ta- kinabeba kesho asubuhi na Siku ya Kiyama kwa uzito uleule. Hakuna mzungumzaji anayehitaji kiambishi kingine ili aitaje ahera. Mbiti alikuwa mwanatheolojia makini, lakini hapa aliifanya sarufi itoe ushahidi usio wake.

Kuna ushahidi wa aina nyingine ambao hakuupa uzito unaostahili, nao ni wa matendo. Katika jamii za Mkoa wa Pwani, unyago ni chuo cha maisha ambayo mwali bado hajayaishi. Miongoni mwa Wazaramo mwali hupewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti inayosimama mahali pa mtoto ambaye hajazaliwa. Nyimbo za unyago hufunzwa kwa ngoma, na mwali huyacheza yajayo kabla hayajaja. Jamii isiyokuwa na wakati ujao haiwezi kuufanyia mazoezi.

4.0 Ngarambe, 1904

Masimulizi yaliyokusanywa na G. C. K. Gwassa katika miaka ya 1960 yanaeleza kwamba mwaka 1904, huko Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alikamatwa na pepo wa Hongo. Alitambaa hadi kwenye kidimbwi, akazama mbele ya jamaa zake, na siku iliyofuata akatoka akiwa na nguo kavu. Kuanzia hapo alianza kutabiri: wafu hawajafa kabisa, watarudi, watu wa makabila mbalimbali ni wamoja, na maji yatawalinda dhidi ya risasi za Wajerumani. Watu walimiminika Ngarambe kwa makundi. Habari zilisambazwa kwa minong'ono ya siri, na waliofika walifundishwa likinda, zoezi la kivita lililofanana na ngoma.

Tunamwomba msomaji aliweke simulizi hili kando ya lile la Sun Ra. Mtu anachukuliwa na nguvu isiyo ya kibinadamu, anapelekwa mahali ambapo mwili wa kawaida hauwezi kuishi, anarudi salama na ujumbe wa ukombozi, kisha ujumbe huo unafundishwa kwa miili iliyopangwa katika mapigo. Kwa Sun Ra mahali hapo ni Zohali na mapigo ni ya Arkestra. Kwa Kinjikitile mahali ni chini ya maji na mapigo ni ya likinda. Hatusemi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Hakuna njia ambayo jambo hilo lingewezekana. Tunasema kwamba muundo ambao wahakiki huuona kuwa mpya katika muziki wa Marekani ulikuwa umekwisha kutokea katika bonde la Rufiji miaka kumi kabla Sun Ra hajazaliwa.

Tofauti nayo ni kubwa, na haifai kupitwa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Maji hayakuzuia risasi. Makisio ya Wajerumani yaliwataja waliokufa kuwa 75,000. Gwassa aliwakisia kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala. Zohali haikumuua mtu. Kwa hiyo mshairi anayeingia katika umustakabali kwa mlango wa Rufiji anaingia na deni: hapo utabiri ulikwisha kuaminiwa na watu wengi, na waliouamini walilipa. Ushairi unaolisahau jambo hilo utakuwa mwepesi mno kwa mahali hapo.

Ebrahim Hussein alilielewa deni hilo. Katika tamthilia yake ya Kinjeketile (1969) mhusika mkuu, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa mwenyewe ana shaka. Anawafikiria watakaozaliwa. Ikumbukwe pia kwamba Hussein ndiye aliyetunga shairi huru la "Ngoma na Vailini", ambamo muziki wa aina mbili unagombania nafsi moja. Wahakiki wengi wamelisoma shairi hilo kama mgogoro wa Afrika na Ulaya, au wa mila na dini. Tunapendekeza lisomwe pia kama mgogoro wa aina mbili za wakati: wakati unaozunguka na kurudi, na wakati unaonyooka na kwisha.

5.0 Kiambishi na pigo

Sasa turudi kwenye sarufi. Inakubalika kwamba kiambishi -ta- cha wakati ujao kilitokana na kitenzi -taka, kilichochakaa kwa matumizi hadi kikapoteza silabi moja na maana yake ya asili. Lakini hakikuchakaa kila mahali. Katika vitenzi vya urejeshi kimebaki kizima: tunasema atakayekuja, siku zitakazofuata, maji yatakayofika. Katika maandishi ya zamani vitenzi hivi viliandikwa kwa maneno mawili, atakaye kuja, na mwandiko huo ulionyesha kitu ambacho mwandiko wa leo unakificha: mkazo wa pili unaoangukia silabi -ka-, yaani ndani ya kile kitenzi cha zamani. Msemaji hajui kwamba anataja kutaka. Sikio lake, hata hivyo, linaligonga neno hilo kila mara.

Hebu tutunge mstari mmoja wa mfano:

Maji yaliyokauka, maji yatakayofika

Kila kipande kina mizani nane, na vina vinalingana. Kwa kanuni za Amri Abedi, aliyezichapisha sheria zake za utunzi mwaka 1954, mstari huu hauna kosa. Ukisomwa kimya unataja maji mawili, ya jana na ya kesho, yakiwa yamekaa kama sahani mbili za mizani. Sasa mstari huohuo uimbwe juu ya ngoma. Ngoma nyingi za Kiafrika hupangwa katika mzunguko wa mapigo 12, ambayo mwili unaweza kuyahesabu kama matatu mara nne au manne mara tatu. Kipande cha mizani nane kikiwekwa juu ya mzunguko huo, silabi moja kwa pigo moja, mapigo manne hubaki wazi. Mwimbaji anaweza kuyajaza kwa kurefusha silabi yenye mkazo, au kuyaacha kwa waitikiaji. Akirefusha -ka- ya yatakayofika, kitenzi kilichochakaa kinaamka, na msikilizaji anasikia kutaka ndani ya kufika. Akiyaacha mapigo wazi, wakati ujao unakuwa nafasi inayongoja watu.

Hili ndilo tunalomaanisha tunaposema kwamba muziki unaupanga wakati. Amri Abedi alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Wanamabadiliko wa miaka ya 1970, Kezilahabi akiwa mbele, waliiona sharti hiyo kuwa pingu, na kwa vina vya lazima walikuwa na haki. Lakini mjadala ule mrefu ulihesabu mizani na vina tu. Pigo lisilokuwa na silabi halikuhesabiwa na upande wowote, kwa kuwa karatasi haiwezi kulionyesha. (Mwandishi wa makala haya ameyasikiliza marumbano yale tangu akiwa mwanafunzi, na bado anashangaa kwamba watu waliogombana kwa miaka mingi kuhusu wimbo walimwita mpiga ngoma mara chache sana.)

6.0 Kuhusu singeli

Yapo maoni kwamba singeli ndiyo afrofuturizimu ya Tanzania. Muziki huu ulizuka katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ukitokana na mchiriku, ambao wenyewe ulizipandisha ngoma za Wazaramo juu ya vinanda vidogo vya umeme vya bei rahisi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliutangaza nje ya Afrika Mashariki, na wasikilizaji wa Ulaya waliusikia kama sauti ya karne ijayo. Huku kwetu husikika kwenye mabasi yanayopita Kibiti kuelekea Kilwa na Lindi, na hakuna anayeushangaa.

Tunachoweza kusema kwa ufupi ni hiki. Kasi ya singeli huzidi mapigo 200 kwa dakika. Katika mapigo 240 pigo moja ni robo ya sekunde. Ulimi wa kawaida hauwezi kutia zaidi ya silabi moja au mbili katika nafasi hiyo, kwa hiyo neno refu la Kiswahili hupasuliwa na kila kiambishi hupata pigo lake. Mshairi anaweza kujifunza hapo mambo mengi kuhusu uzito wa viambishi. Hata hivyo, kasi si wakati ujao. Nyimbo nyingi za singeli ni za leo kabisa, za mtaa na starehe na kukosa fedha, na hazidai kuwa zaidi ya hayo.

7.0 Delta ya leo

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko delta nyingine yoyote katika pwani ya Afrika Mashariki: mikoko yenyewe, misinzi, michu, mikandaa, mikomafi. Kwa karne nyingi boriti zake zilisafirishwa hadi Arabuni. Mitambo ya kigeni iliwahi kuja hapa mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya delta mwaka 1914, ikatafutwa kwa ndege wakati ambapo ndege zenyewe zilikuwa chombo kipya duniani, na ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Anayetaka chuma na anga katika shairi lake la Rufiji hana haja ya kwenda Zohali.

Lakini maisha ya bonde hayakupangwa na chuma, yalipangwa na mafuriko. Mto ulipofurika uliacha tope, na maji yalipopungua wakulima walipanda katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho huitwa mlau. Walinda mashamba walikaa kwenye madungu, juu ya nguzo. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya nyanda za juu. Katikati ya muongo wa 2010 jina la Kibiti lilijulikana nchini kote kwa sababu ya mauaji, si kwa sababu ya lolote ambalo wakazi walilitaka. Tarehe 22 Desemba 2022 lilianza kujazwa bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024 na wote tisa walikuwa kazini kufikia 2025. Mwezi Aprili 2024 maji yalizamisha mashamba na nyumba huko Rufiji na Kibiti, na watu walibishana kwa ukali iwapo bwawa limepunguza mafuriko yale au limeyaongeza.

Mwanaisimu hana zana za kumaliza ubishi huo. Anachokiona ni kwamba sarufi ya maji imebadilika. Zamani maji yalikuwa mtenda: yalikuja, yalipanda, yalishuka, yaliacha tope. Sasa maji hufunguliwa na kufungwa. Kitenzi kimeingia kauli ya kutendwa, na mtenda ameondoka katika sentensi. Badiliko hili linaweza kusikika katika Kiswahili cha bondeni, na linafaa kuchunguzwa pia katika nyimbo za Kindengereko, lugha ambayo Eva-Marie Ström aliifafanua mwaka 2013 na ambayo inazidi kusukumwa pembeni na Kiswahili chetu. Uchunguzi huo ungefanywa mapema, kwa kinasa sauti, na watafiti wanaojua kuhesabu mapigo pamoja na silabi.

Kwa mshairi jambo hili ni la vitendo. Kipande chetu cha hapo juu, maji yatakayofika, kinaweza kubadilishwa kuwa maji yatakayoletwa. Mizani ni nane vilevile, na mkazo wa -ka- umebaki palepale. Kilichobadilika ni mwenye kutaka. Katika kipande cha kwanza kutaka ni kwa maji. Katika cha pili ni kwa mtu ambaye kipande hakimtaji. Mtunzi anayeandika kwa ajili ya karatasi anaweza kuliacha hivyo. Anayetunga juu ya ngoma bado ana mapigo manne kabla mzunguko haujarudi, na waitikiaji wanahitaji matatu tu kuuliza: na nani?